Goldifishi wa bakuli wanakufa bure, wauzaji tuambieni ukweli

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, hili jambo nimekaa nalo zaidi ya miaka miwili na kila nikimwona mtoto anatoka mjini kakumbatia bakuli la kioo la duara lina goldifishi mmoja ndani roho inaniuma, maana najua wiki haiishi huyo samaki atakuwa amekufa na mtoto ataambiwa bahati mbaya, tutanunua mwingine. Siyo bahati mbaya. Samaki anauawa na maji anayokaa na aliyemuuza angeweza kulisema hilo kwa dakika mbili tu.

Mimi yalinikuta. Binti yangu alipofikisha miaka saba alitaka samaki, tukaenda kununua wawili, na bakuli, na kikopo cha chakula, muuzaji akatuambia badilisheni maji yote kila baada ya siku mbili basi. Siku ya tatu asubuhi mmoja yuko juu kabisa anahema, mdomo unafunguka na kufunga pale pale juu ya maji, mapezi yametoka mistari myekundu kama nyuzi na maji yana weupe fulani hivi kama umesuuzia kikombe cha maziwa. Jioni akafa. Mwenzake akafuata kesho yake. Nilivyorudi dukani nikajibiwa ni maji ya Arusha, yana floridi, chukua wengine ujaribu. Na mimi nikaamini, kwa sababu habari ya floridi huku nani asiyeijua, tumekua tunaona meno ya kahawia tangu utotoni. Nikachukua wengine wawili. Nao siku tano, wakaisha.

Sasa ivi nina goldifishi wawili wana miaka miwili na miezi minne, wamenenepa, mmoja anakaribia urefu wa kiganja changu, na maji ni yale yale ya bomba ya hapa Sakina. Kwa hiyo haikuwa floridi.

Ilikuwa amonia. Goldifishi hana tumbo la kutunza chakula, anachokula kinapita moja kwa moja kwenye utumbo, kwa hiyo anakula muda wote na kuchafua muda wote, na uchafu mwingi anautoa kupitia mashavu yake ukiwa ni amonia ambayo huwezi kuiona kwa macho. Kwenye bakuli la lita tatu inajaa haraka sana na inamchoma mashavu yale yale anayopumulia, ndio maana anapanda juu kuhema. Kwenye akwariamu (tanki la samaki) iliyokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta (kichujio cha maji), kwenye mchanga na kwenye mawe, kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu kwa sababu inazuia damu ya samaki kubeba oksijeni, alafu kundi lingine linageuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo kwa kiasi kidogo samaki anaivumilia na mimea inaila kama mbolea. Ni hivyo tu. Ila hao bakteria hawauzwi na bakuli, wanajiotea wenyewe na wanachukua wiki nne mpaka sita kukomaa, na kwa baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba wanachelewa zaidi.

Hizo wiki sita ndizo ninazoandikia barua hii mhariri. Mtu anunue tanki kwanza, samaki baadaye. Unajaza maji, unawasha filta, kila jioni unadondosha chembe chache za chakula kana kwamba kuna samaki ndani, chakula kinaoza, amonia inatoka, bakteria wanapata cha kula wanaongezeka. Mimi nilipata kipimio cha matone, maji yakibaki ya njano amonia hamna, yakienda kijani bado ipo, na nakumbuka ile asubuhi ya siku ya 37 binti yangu ananiita "Baba njoo, njano!" na nitriti nayo ilikuwa imeshuka. Kama una jamaa mwenye tanki la zamani lenye samaki wazima muombe akukamulie sponji yake kwenye maji yako, lile tope la kahawia linaonekana chafu lakini ndio mbegu yenyewe na litakupunguzia wiki kadhaa. Na ndio maana sponji ya filta haioshwi bombani hata siku moja, klorini, ile dawa ya maji ya bomba, inaua bakteria wako wote unaanza upya, isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tanki lenyewe.

Tanki lenyewe nilitengenezewa na fundi wa vioo, sentimita 90 kwa 40 kwa kimo 45, kioo cha milimita 8, nikijaza mpaka sentimita 40 ni lita 144. Wengi wanaona ni kubwa mno kwa samaki wawili, hapana, goldifishi wa kawaida anafika sentimita 20 na kuzidi, na akitunzwa anaishi miaka kumi mpaka ishirini. Uingereza kuna mmoja aliitwa Tish, alipatikana kwenye michezo ya maonyesho mwaka 1956 akafa mwaka 1999, miaka 43! Alafu sisi tunawazika kwa siku tano. Mwambie fundi asitumie silikoni (gundi ya vioo) ya bafuni ile yenye dawa ya kuvu, ni sumu kwa samaki, atumie ya kawaida isiyo na dawa na uiache ikauke siku kadhaa mpaka ile harufu ya siki iishe, alafu lijaze maji likae nje siku mbili uone kama linavuja. Na usiliweke juu ya kabati la TV. Lita moja ni kilo moja, ukijumlisha kioo na mchanga na mawe unakaribia kilo 200, mimi nilichomelewa stendi ya chuma nikaweka ubao juu na kipande chembamba cha sponji ya godoro chini ya kioo ili pasiwe na kijiwe kinachosukuma.

Sasa kwenye mimea ndio penye raha. Watu watakwambia goldifishi na mimea haviendani kwa sababu anachimba na anakula, na ni kweli kwa mimea laini, nilipanda moja ya majani membamba nikaamka asubuhi inaelea yote na mizizi juu. Inayodumu ni yenye majani magumu kama ngozi, anubiasi na java feni. Anubiasi ni ya huku kwetu Afrika, asili yake ni magharibi na kati. Hizi mbili hazizikwi mchangani, ukilizika lile shina lake linalolala linaoza, unazifunga kwenye jiwe. Na mawe tunayo! Yale meusi ya volkano yenye vitundu vitundu, kwa mji uliokaa chini ya Mlima Meru nani atanunua jiwe. Nililiokota, nikalisugua kwa brashi bila sabuni, nikadondoshea siki kuona kama linatoa povu, maana likitoa povu lina chokaa na litabadilisha maji, halikutoa, nikalifunga anubiasi kwa uzi mweusi wa cherehani wa binti yangu wa kwanza anayesomea ushonaji. Baada ya miezi mitatu hivi uzi ulikuwa hauna kazi tena, mizizi imeshaingia kwenye vitundu imelikamata jiwe yenyewe, ukiinua jani jiwe linakuja. Samaki wanajaribu kulitafuna jani wanaliacha.

Chini niliweka mchanga wa mto nikauosha kwenye ndoo mpaka maji yakatoka safi, ilinichukua Jumamosi nzima. Usiweke changarawe ya saizi ya harage, goldifishi anachukua kila kitu mdomoni na jiwe linaweza kumkwama kooni, bora mchanga laini anaoupuliza ukatoka. Taa iwake kwa muda wa masaa saba au nane kwa siku inatosha, na tanki lisikae mbele ya dirisha la jua, utavuna ukijani wa mwani tu.

Hewa yetu inawafaa mno hawa samaki na hilo watu hawalijui. Goldifishi anapenda maji ya nyuzi 18 mpaka 22, hataki hita kama samaki wa maji ya moto, na Arusha tupo kama mita 1,400 juu ya bahari, sebule yangu inakaa humo humo karibu mwaka mzima. Ndugu zetu wa Moshi wako chini zaidi na joto la Januari na Februari kule siyo mchezo, maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, kwa hiyo wao pampu ya hewa isizimwe, na wasidanganyike kwamba mimea inatosha, mchana kukiwa na mwanga mimea inatoa oksijeni lakini usiku nayo inaivuta kama samaki.

Umeme ukikatika ndio mtihani. Nimenunua pampu ndogo ya betri, kabla sijaipata nilikuwa nakaa na kikombe nachota na kumwaga kutoka juu, nachota na kumwaga, mke wangu ananimulikia tochi ya simu. Umeme ukiwa hamna usiwalishe. Na filta ikiwa imezima saa nyingi isuuze kwanza kabla ya kuiwasha, maji yaliyolala ndani yanakuwa yameoza.

Kila Jumamosi natoa robo ya maji kwa mpira, nafyonza na uchafu wa mchangani, nayarudishia yaliyokaa kwenye ndoo wazi tangu Ijumaa ili klorini itoke. Robo tu, siyo yote, kubadilisha yote kama nilivyoambiwa dukani ni kuanza vita upya kila mara. Yale ya kutoa namwagia mchicha na mgomba wa nyuma ya nyumba, ile nitrati ni mbolea na mgomba unaonyesha. Chakula ni kile wanachomaliza kwa dakika moja au mbili, na mara moja kwa wiki njegere zilizochemshwa, unamenya ganda unaponda.

Ombi langu kwa wauzaji wa hapa mjini na Moshi, siwataji na sitaki kumharibia mtu biashara, mteja akija na mtoto mwambieni leo chukua tanki na filta, samaki njoo baada ya mwezi na nusu. Atarudi, na atarudi na pesa, kuliko yule aliyezika wanne akaapa hafugi tena. Na kwa mliochoka na samaki wenu, tafadhali msiwamwage Mto Themi wala Ziwa Duluti kwa kudhani mnawaokoa, goldifishi siyo wa maji yetu, ni wa kufugwa kutoka Uchina zaidi ya miaka elfu iliyopita, na tumeshaona magugu maji yalivyoitesa Victoria, mmea ulioletwa kwa sababu maua yake mazuri. Mpe jirani mwenye tanki.

Jirani yangu mmoja amekubali kufuata utaratibu huu. Nilimkamulia sponji yangu, tanki lake lina mchanga, mawe mawili na anubiasi iliyokatwa kutoka kwenye ya kwangu, leo ni siku ya 19, samaki bado. Mtoto wake wa kiume wa darasa la pili anapiga magoti kila jioni mbele ya hayo maji matupu anadondosha chembe tatu za chakula, anahesabu kwa sauti, alafu anaandika tarehe ukutani kwa penseli.

Mfugaji wa goldifishi,
Sakina, Arusha