Yaya, feza ya foraji itafute kwanza pale munaikala

Lubumbashi, komini ya Katuba

Yaya wangu,

Jambo sana, na jambo ku batoto na ku bamama bote ba komite. Mesaji yako nimeisoma yote, vile komite inatafuta feza ya kuchimba foraji, kile kisima kirefu cha pompe, na vile kuko mutu anawaomba dola. Jibu ya kwanza ni hii: musimulipe yule mutu hata franka moja. Anasema atawatafutia msaada ku Ulaya lakini mbele mutoe dola za kufungua dosie, hapana yaya, mwenye kutoa msaada wa kweli haombi mutu alipe juu asaidiwe. Ile feza bamama balichanga kidogo kidogo, ibakie mu kese ya komite.

Kitu chenye kinaniuma ni kuona munakimbilia feza ya mbali na munaikala Kambove, kando ya mugodi. Sheria ya migodi ya 2002, vile balirekebisha mu mwezi wa tatu 2018, inalazimisha kampuni yenye inachimba itoe kila mwaka angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake juu ya miradi ya bantu benye banaikala pale. Piga hesabu: kampuni ikiuzisha shaba ya dola milioni 100, hapo ni dola 300,000. Na haiko kampuni peke yake njo inaamua, inasimamiwa na chombo chenye bantu ba kampuni na bantu ba jamii, kila mutu huku anaiita DOT. Sasa mutaa yenu iko na nani mule ndani? Kama hamumujui, muanzie pale, muende bamama wengi pamoja, mumuulize miradi ya maji inapitishwa wakati gani.

Tena kuko kaye de sharje, hiyo ni ingine, usichanganye na DOT. Ni ahadi zenye kampuni inasaini na jamii, masomo, zahanati, barabara, maji, na tarehe ya kila kitu. Ombeni kopi ku ofisi ya teritware, ile serikali ya eneo yenu, na musome polepole pahali pa maji, juu inawezekana foraji yenu ilisha kuahidiwa zamani na hakuna mwenye anaifuata. Na redevansi nayo, ile feza kampuni inalipa serikali juu ya madini yenye inauzisha, asilimia 15 yake inaenda ku komini, sekta ao sheferi (eneo ya chifu) yenye mugodi iko ndani. Mukubwa akisema kese iko bule, mumuulize kwa heshima ni ngapi iliingia mwaka uliopita. Rapoti za ITIE, ule mpango wa dunia wa kuweka wazi feza ya migodi, zinaonesha malipo ya makampuni, mutafute mutu mwenye intaneti ya nguvu azifungue. Hiyo ni haki yenu yaya, haiko sadaka, na nitaisema mbele ya mutu yeyote.

Kuomba feza ku ubalozi wa inchi za kigeni nako sikatai. Kanada iko na mfuko wa miradi midogo ya jamii, Japani pia inasaidia masomo, zahanati na maji, lakini ya Japani inaenda zaidi ku majengo na vyombo, mushahara wa bantu ba komite hailipe. Ujue tu kama tangu Marekani ifunge USAID, shirika yake ya msaada, mu 2025 mashirika mengi yalibakia bila kitu na yote sasa yanapanga mulolongo ku milango ileile, kwa hiyo dosie yenye haiko sawa inawekwa pembeni haraka.

Dosie yenyewe njo hii. Komite iwe na karatasi za ASBL, ni kusema shirika lenye halitafute faida, kufuatana na sheria ya 2001, na konti ya banki kwa jina ya komite, siyo jina yako, na sinyatire mbili. Profoma, zile karatasi za bei mbele ya kazi, zitoke ku bachimbaji ba foraji tofauti, tatu ni muzuri. Karatasi ya kiwanja nayo musiiache, juu nimeona mradi wa maji umesimama wakati pompe ilisha kununuliwa, mwenye shamba alikuja kusema hapa ni kwa baba yangu, na hakuna mutu alikuwa na karatasi ya kumuonesha.

Lakini chenye kitawabeba kuliko yote ni ile kaye, daftari ya likelemba yenu, ule muchango wa bamama. Ile ya jalada ya bluu, jina ya kila mama, franka zenye alitoa, siku yenye alitoa, na alama ya kidole kwa benye habaandike. Piga foto kila ukurasa! Mwenye kutoa feza anaogopa kitu kimoja, pompe ikivunjika mwaka wa pili nani atalipa, na ile kaye inamujibu kama bamama hawa bameshazoea kuchanga na kuchunga feza bila kugombana. Andikeni palepale bei ya bido (dumu) moja ya maji itakuwa ngapi na nani atachunga ufunguo. Zile kurasa za "maji ni uhai" zipunguzeni, kila mutu anazijua.

Nitumie ku WhatsApp foto za kaye, PV, ile karatasi ya maamuzi ya mukutano wenye mulichagua komite, na jina ya kampuni yenye inachimba karibu yenu. Mi nitaandika barua ya DOT kwa Kifaransa, utaisomea bamama kwa Swahili, bakikubali basaini bote. Na yule mutu wa dola akirudia, mwambieni dosie iko ku Lubumbashi.

Ni mimi mudogo wako wa Katuba