Risala ya Wanafunzi wa Ujenzi kwa Mgeni Rasmi: Nyumba za Udongo na Tetemeko la Ardhi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo, Mwalimu Mkuu, wakufunzi wetu, wazazi, na mafundi mlioacha vibarua vyenu vya leo mkaja kutusikiliza,

Kwa niaba ya wanafunzi wa idara ya ujenzi, tunakukaribisha chuoni kwetu hapa Nairobi na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Ratiba ilitutaka tueleze mafanikio ya idara. Hayo yamebandikwa kwenye ukuta wa karakana nawe utayasoma ukipita, kwa hiyo tumeomba ruhusa, na tumepewa, tuzungumzie jambo moja tu: nyumba za udongo za mashambani kwetu, na namna zinavyoweza kuimarishwa ili zisiwaangukie wenyewe ardhi inapotetemeka.

Huenda ukajiuliza wanafunzi wa jijini wanahangaikia nini nyumba za udongo. Fundi wa Nairobi, Mheshimiwa, hajengi Nairobi peke yake. Desemba ikifika anapanda matatu kwenda kwao, na huko kazi zinamsubiri: mama anataka jiko lipanuliwe, mjomba anataka kuta za udongo zibomolewe yawekwe mawe, na kijana aliyeoa juzi anataka chumba chake kipigwe plasta. Neno la fundi aliyetoka jijini husikilizwa kuliko la mtu mwingine yeyote kijijini, na analolifanya kwenye boma moja huigwa na maboma ya jirani, liwe jema au baya.

Nchi yetu haitajwi sana watu wanapozungumzia matetemeko, lakini Bonde la Ufa liko hapa karibu; anayeteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu anashuka kwenye ukingo uliotokana na ardhi kupasuka na kudidimia. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa takriban 6.9 lilipiga Subukia na kuichana ardhi waziwazi kando ya ufa wa Laikipia na Marmanet. Mwezi Julai 2007 mitikisiko iliyotoka upande wa Ziwa Natron, nchini Tanzania, iliwafanya watu wa hapa jijini watoke mbio kwenye maghorofa. Septemba 2016 ikawa zamu ya Kagera, ambako tetemeko la 5.9 liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na vijiji vyake. Ni kweli kwamba serikali ilitoa mwongozo wa ujenzi unaohusu matetemeko tangu 1973, ila mwongozo huo uliandikiwa wahandisi, na nyumba ya nyanya haina mhandisi.

Tunalotaka kulisema mbele yako ni kwamba nyumba ya asili haikuwa dhaifu. Imedhoofishwa na mabadiliko ya nusunusu. Kiambaza cha zamani kilikuwa na nguzo zilizochimbiwa chini, fito zilizofungwa kwa kamba ndani na nje, na udongo uliokandikwa katikati. Kazi ya udongo ni kuzuia upepo na baridi. Kinachobeba nyumba ni miti. Nyumba hiyo ikitikiswa, miti hupinda na kurudi, udongo hupasuka na kumwagika, na wenyewe hutoka nje wamejaa vumbi, lakini wazima. Nyumba ya mviringo inayoezekwa kwa nyasi ina nafuu zaidi, kwa kuwa haina kona za kuachana na paa lake ni jepesi. Huko Gujarat, India, tetemeko la 7.7 la tarehe 26 Januari 2001 liliangusha majengo mengi ya mawe, ilhali nyumba za udongo za mviringo ziitwazo bhunga zilistahimili vizuri sana.

Balaa huanza fito zinapoondolewa na udongo ukaachiwa kazi isiyo yake. Matofali mabichi au mawe yakipangwa kwa tope, kuta nne husimama kama majirani wasiosalimiana: kila mmoja huyumba kivyake, kona hufunguka kuanzia juu, na ule ukuta wa pembetatu unaoshikilia ncha ya paa huwa wa kwanza kudondoka kwa sababu kule juu hakuna kinachoushika. Isitoshe, kadiri ukuta unavyokuwa mzito ndivyo tetemeko linavyousukuma kwa nguvu zaidi, jambo ambalo wazee wengi hawalikubali, maana wao wanaona unene ndio uimara. Nchini Nepal, mwezi Aprili 2015, watu wapatao 9,000 walikufa, na sehemu kubwa ya nyumba zilizoanguka ilikuwa ya mawe yaliyojengwa kwa tope.

Karakana yetu imejaribu jambo hili kwa kiasi cha uwezo wake. Tulijenga nyumba mbili za matofali mabichi, kila moja ikifika magotini, juu ya ubao unaoviringika kwenye vipande vya paipu na kuvutwa kwa kamba. Ya kwanza iliachwa hivyo hivyo. Ilipotikiswa, ufa ulianzia kwenye pembe ya juu ya dirisha, ukapanda kimshazari hadi konani, kona ikafunguka, na ukuta wa mbele ukalala kifudifudi. Ya pili tuliizungushia nyavu za waya na kuiwekea mkanda wa mbao juu ya kuta. Nayo ilipasuka, tena mahali pengi, na hatutaki kukuficha hilo. Lakini vipande vyake vilibaki ndani ya nyavu na paa halikushuka. Hilo ndilo tunalolitafuta. Nyumba ya udongo kupasuka si msiba, kwa kuwa udongo wa kuikandika upya uko pale pale uani.

Mbinu hiyo hatukuibuni sisi. Nchini Peru, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha huko walizifunga nyumba za udongo kwa vipande vya nyavu za waya, vya wima kwenye kona na vya mlalo juu ya kuta, kisha wakavifunika kwa plasta ya saruji. Tetemeko la 8.4 lilipopiga kusini mwa nchi hiyo mwezi Juni 2001, nyumba zilizofungwa hivyo zilibaki zimesimama. Siri iko kwenye hatua ambayo fundi mwenye haraka huiruka: nyavu ziwekwe ndani na nje, na ukuta utobolewe ili wavu wa ndani uunganishwe na wa nje kwa waya unaopita katikati. Nyavu zilizopigiliwa upande mmoja tu ni pambo. Mkanda wa juu unaweza kuwa wa mbao mbili sambamba zilizounganishwa kwa vipande vifupi, zikapishana konani na kupigiliwa misumari, kisha paa lifungwe kwenye mkanda huo badala ya kukaa tu juu ya ukuta.

Kwa anayejenga upya, ukuta wa udongo usizidi urefu wa mara nane ya unene wake, yaani ukuta wa sentimita 30 uishie mita 2.4, na madirisha yawe madogo na mbali na kona. Kwa mwenye kiambaza cha zamani, kazi ya kwanza ni kufukua mguu wa kila nguzo na kuudunga kwa kisu, kwa sababu mchwa hula chini huku juu kukipendeza, na nguzo iliyoliwa haifungi chochote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe unasikilizwa na wanaopanga mafunzo ya ufundi, kwa hiyo tuna maombi mawili. Tunaomba ujenzi wa udongo, pamoja na ukarabati wake, ufundishwe na kutahiniwa sawa na zege na mawe, kwani fundi hufanya kwa bidii lile alilopewa cheti chake. Pia tunaomba msaada wa kupata meza ya kutikisa yenye mota, inayoweza kubeba ukuta wa ukubwa halisi, maana nyumba ya magotini inamshawishi mwanafunzi lakini haimshawishi mzee aliyejenga nyumba tatu maishani mwake.

Kabla ya kugawa vyeti, tunakuomba upite karakana. Nyumba ya tatu, iliyofungwa nyavu kama ile ya pili, haijatikiswa bado. Tumekuachia wewe kamba, uivute kwa nguvu zako zote.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanafunzi wa idara ya ujenzi