Kabla Hujalipa Ada ya Kulwa na Doto

Tabata, Dar es Salaam
Septemba 2025

Mpendwa Mama Kulwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi ni wazima. Tunu anakohoa kidogo kwa hili vumbi, lakini sahani yake hairudi na kitu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwanza ndani ya daladala, kondakta anapiga kelele, nikaambulia nusu. Usiku nikaurudia jikoni, nikaona jambo lenyewe ni refu, tukilizungumza kwa simu tutakatiana maneno. Bora nikuandikie, na Baba Kulwa naye asome kwa nafasi yake.

Unasema ile shule mliyoipenda tangu mwaka jana imepata mmiliki mpya, mwalimu mkuu wa zamani ameondoka, na mkurugenzi aliyekuja anawaahidi wazazi mbingu na nchi. Usaili wa kuingia darasa la tatu ni mwezi ujao. Unataka kujua kama uwatoe pacha Kayumba, hiyo shule ya serikali, uwapeleke huko, au usubiri. Umeniuliza mimi kwa sababu kwetu hapa hayo tuko ndani yake tangu mwaka jana.

Nianze na la kwetu. Mzee aliyeanzisha shule ya Tunu alichoka, akamkabidhi mwanawe. Kijana si mbaya, ana adabu, anasalimia kila mtu getini. Aliitisha kikao cha wazazi, tukakaa bwaloni kwenye yale mabenchi ya watoto, magoti yanagusa kidevu, akatuonyesha ukutani picha za maabara, vishikwambi na bwawa la kuogelea. Wazazi wakapiga makofi. Kisha baba mmoja wa nyuma, fundi wa magari nadhani, maana mikono ilikuwa na grisi, akasimama akauliza: walimu michango yao ya NSSF, yaani ya mfuko wa hifadhi ya jamii, inapelekwa? Mkurugenzi akasema hilo ni suala la utawala, litajibiwa kwa utaratibu wake. Bursa, mhasibu wa shule, akainamisha kichwa akawa anapanga makaratasi ambayo yalikuwa yamepangika tayari.

Mimi nililichukulia lile swali kama uchokozi. Kufika Pasaka, madam wa hisabati wa akina Tunu hayupo, mwalimu wa Kiingereza hayupo, na yule wa taaluma, ambaye ndiye alikuwa shule yenyewe ukiniuliza mimi, amekwenda kwenye shule nyingine Kibaha. Wawili wamepata ajira serikalini. Siwalaumu hata kidogo. Mwalimu akiona mshahara unachelewa na mchango wake hauonekani, akisikia Sekretarieti ya Ajira inaita watu kwenye usaili, anakwenda. Nani asingekwenda?

Nilijua mambo yameharibika kwa kutazama daftari. Jioni moja nilikuwa napitia kazi ya hisabati, nikakuta hesabu hii: 7,002 kutoa 468. Tunu ameandika 7,466. Pembeni kuna vema kubwa nyekundu na tarehe. Yaani umetoa, halafu umebaki na nyingi kuliko ulizoanza nazo, na mwalimu kasahihisha akapita. Mtoto alifanya wanavyofanya watoto wote wasioelewa kukopa: kila tarakimu anatoa ndogo kwenye kubwa, iwe juu au chini. Madam wa zamani angeliona kosa hilo kwa jicho moja na kumkalisha mtoto chini na vijiti. Huyu mpya ni kijana katoka chuo, madarasa matatu mikononi mwake, anapiga vema ili daftari zirudi nyumbani zikiwa zimesahihishwa, maana meneja mpya anazikagua kwa kuhesabu tiki.

Sasa sikia sababu, maana bila sababu utadhani ni tabia ya mtu mmoja. Hawa wamiliki wanabanwa, na wanabanwa na sera. Machi 2023 wizara ilitoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Kwa watoto lilikuwa jambo jema, mimi hadi leo sielewi mtu anampelekaje bweni mtoto ambaye bado anafungwa viatu. Lakini shule kama ya kwetu ilikuwa inakula kwenye lile bweni. Vitanda vikabaki vitupu, matroni wakapunguzwa.

Halafu ukaja mtaala mpya, Januari 2024, kwa shule za msingi ukaanza na awali, darasa la kwanza na la tatu. Kwa sera hii elimu ya msingi inaishia darasa la sita, kisha miaka minne ya sekondari, yote kumi ya lazima. Tunu alikuwa la tatu mwaka huo, kwa hiyo ni wa kundi la kwanza kabisa: atamaliza la sita mwaka 2027. Na wale walio mbele yake darasa moja, wanaokwenda kwa mtaala wa zamani, watamaliza la saba mwaka huohuo wa 2027. Januari 2028 makundi yote mawili yanagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Jirani yangu ana watoto wawili waliopishana darasa moja hivyohivyo, ameshaanza mchezo wa vikoba kwa ajili ya mwezi huo mmoja.

Mtazame mmiliki sasa. Mwaka huo shule yake ya msingi inaaga madarasa mawili na kupokea moja, na tangu hapo darasa la saba halipo tena, ada yake haipo. Ndiyo maana wengine wanauza. Wengine wanakimbilia kujenga sekondari, na kwa kuwa sera imefungua mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, utasikia wanatangaza karakana ya ushonaji na umeme wakati choo cha wasichana hakina maji. Mwekezaji wenu aliponunua alijua hesabu hizi vizuri kuliko wewe na mimi. Akikuahidi, mwulize tu mpango wake kwa mwaka 2028 ni upi. Ukiona anakujibu kwa nambari, kaa umsikilize. Ukiona anakujibu kwa bwawa la kuogelea, shika mkoba wako.

Kwa upande wa pacha, wao walianza la kwanza 2024, wapo ndani ya mtaala mpya mwanzo hadi mwisho. Wataingia la tatu Januari, watamaliza la sita 2029. Ni miaka minne. Ada uliyonitajia ni milioni 1.8 kwa mtoto, mara wawili ni 3.6, mara minne ni 14.4, bado gari la shule, bado sare, bado rimu na michango isiyo na jina. Na hapo nimechukulia kwamba ada haitapanda, jambo ambalo mimi na wewe tunajua ni ndoto ya mchana. Serikali iliwahi kutaka kuweka ada elekezi kwa shule binafsi, mpango ukafa. Kwa hiyo anayekuzuia kupandishiwa ni mkataba wako na kelele za wazazi wenzako, basi.

Baba Tunu yeye msimamo wake unaujua. Anasema yeye kasoma Kayumba, kakaa chini sakafuni, na leo anakula. Anasema hela ya msingi iwekwe, iende sekondari, kwa sababu huko ndiko lugha inageuka Kiingereza na mtoto anahitaji mwalimu kwelikweli. Zamani nilikuwa nambishia. Siku hizi nambishia nusu, maana hata Kayumba sasa Kiingereza kinafundishwa kuanzia darasa la kwanza. Ila namwambia: ulikaa chini mkiwa arobaini. Unavyonieleza wewe darasa la pacha, watoto mia na kitu kwa mwalimu mmoja, hapo hata mwalimu awe malaika daftari hazisahihishiki. Hofu yako naielewa, wala si ya kujionyesha mtaani kama anavyodhani wifi yako.

Kwa hiyo, ningekuwa wewe, hiyo tarehe ya usaili nisingeikimbilia. Kwanza ingia kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, matokeo ya kila shule yako wazi. Tafuta shule hiyo, uone watoto wangapi walifanya upimaji wa darasa la nne mwaka 2021, halafu wangapi walifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2024. Ni watoto walewale. Ukikuta walikuwa sabini wakabaki arobaini na wote wana A, usishangilie. Thelathini wamekwenda wapi? Wengine wamehama na wazazi wao, sawa, lakini wengi wamechujwa ili wastani upendeze kwenye bango. Serikali imekataza kukaririsha watoto kwa nguvu, na NECTA tangu mwanzoni mwa 2023 iliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, lakini mabango bado yapo barabarani, na mtoto wa wastani bado anaitiwa mzazi aambiwe kwa upole kwamba “hapa hapamfai”. Doto kama ulivyonieleza ni mzito wa kusoma. Kulwa atapita usaili akiwa anapiga miayo. Je, mmeshaamua mtafanya nini mmoja akichukuliwa na mwingine akaachwa? Hilo lizungumzeni ninyi wawili kabla, si getini mbele ya watoto.

Pili, nenda siku ya kawaida, Jumanne saa nne asubuhi, bila miadi ya mkurugenzi. Siku ya wazazi kila shule imepigwa rangi. Omba kuona daftari za darasa la tatu, la mtoto yeyote, na usitazame mwandiko. Tazama makosa: yamesahihishwa, au yamepigiwa vema? Muulize mwalimu wa zamu yuko hapo tangu lini. Muulize mpishi pia, wapishi wanajua shule kuliko bodi. Ukikuta walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu ni walewale wa mmiliki wa zamani, basi mimi ningemwamini huyo mpya hata kama maneno yake mengi. Mwalimu mkuu kuondoka peke yake si msiba. Mwalimu mkuu akiondoka na watatu nyuma yake, hapo kuna kitu kinavuja.

Kuna hilo ulilodokeza mwishoni, kwamba wanafikiria kuleta mtaala wa nje sambamba na wa kwetu. Mwulize kwa maandishi: watoto watafanya mitihani ya NECTA au hawatafanya? Asipojibu wazi, usilipe hata fomu. Mtoto ukimtoa kwenye reli ya mitihani ya hapa ni lazima uwe na hela ya kumpeleka huko hadi mwisho, na sisi, shoga yangu, hatuna.

Sisi Tunu tumemwacha. Nasema hivyo ili usije ukasikia kwa watu ukaona nakushauri nisichofanya. Mwezi ujao ana upimaji wa darasa la nne, kumhamisha mtoto aliyeshasajiliwa ni kujitafutia safari za ofisini, na baada ya hapo zimebaki la tano na la sita tu. Marafiki zake wako pale. Wazazi tumeunda kundi, yule fundi wa grisi tumemchagua mwenyekiti, na mkurugenzi amekubali kutuletea orodha ya walimu kila muhula pamoja na nani kaondoka. Sijui kama atalitimiza. Hisabati ya kukopa tunaifanya nyumbani kwa maharage mezani, Baba Tunu ndiye mwalimu, na wanagombana vizuri tu.

Pacha wako ni habari nyingine, wana miaka minne mbele na wapo wawili. Mimi ningewaacha walipo hadi Machi, nione huyo mwekezaji anauanzaje muhula wake wa kwanza wa mwaka, walimu wangapi wanabaki baada ya mshahara wa Januari, ule mrefu. Nafasi zitakuwepo tu. Shule inayokwambia nafasi zimebaki mbili, rudi baada ya wiki, utazikuta mbili zilezile. Katikati ya hapo, ile laki na nusu mliyotenga kwa fomu na usaili mtafutieni Doto mwalimu wa kusoma, jioni mbili kwa wiki, mtu mzima mstaafu kama yupo hapo Nyakato. Usimpeleke kwenye tuisheni ya watoto hamsini, utakuwa umemhamisha kutoka msongamano hadi msongamano.

Baba Kulwa akisoma hapa asinikasirikie. Najua ameshawaambia wenzake kazini kwamba watoto wanahama. Mwambie watasahau, watu wana mambo yao.

Baba Tunu anakuja huko kikazi mwishoni mwa mwezi, atakuletea zile khanga na viatu vya Doto. Ukiweza mpe sato wa kukausha, si wa barafu, safari iliyopita basi zima lilitulaani. Na ukishapata zile nambari za NECTA nitumie picha kabla hujaenda kuonana na mkurugenzi, nipigie baada ya saa tatu usiku, Tunu akiwa amelala.

Wasalimie wote, na mama mkwe.

Wako,
Mama Tunu