Boneti ya gari ya zamani imegoma kufunguka? Kabla hujavuta tena soma hapa

Simu za hivi tunazipata sana, mtu anapiga anasema fundi boneti imegoma, nimevuta mpaka kishikio kimebaki mkononi. Na ukimdodosa kidogo unakuta haikuanza leo. Mwanzo ilikuwa inataka uvute mara mbili, baadaye ikawa lazima mtu wa pili asimame mbele aikandamize huku wewe unavuta, na mwenye gari akaona ni kawaida ya gari ya zamani, akazoea. Sasa hapo kwenye kuzoea ndo penyewe, manake loki ya boneti haifi ghafla, inaanza kukauka taratibu, wewe unaongeza nguvu, na nguvu yote inaenda kwenye waya ambao wenyewe ni mwembamba na una umri wa gari. Loki inabaki nzima, waya ndo unakatika. Na waya ukikatika boneti ikiwa imefungwa, kazi ya kusafisha tu inageuka kazi ya kuvunja kichwa.

Jinsi inavyofanya kazi siyo siri. Gari nyingi za zamani boneti inafunguka kwa mbele, na chini ya boneti kuna pini nene yenye springi. Pale juu ya rejeta kuna kibati kina tundu, na nyuma ya tundu kuna ulimi. Ukishusha boneti pini inazama kwenye tundu, ulimi unarudi unaikamata shingoni. Ukivuta kishikio kule ndani waya unausogeza ulimi, springi inairusha boneti juu kidogo, ndoano ya usalama inaidaka, unapitisha vidole unaiachia, basi. Zipo zenye mambo yake: BMW 2002 bawaba ziko mbele, kwa hiyo boneti inafunguka upande wa kioo, Saab 900 zile za zamani boneti inasogea mbele kwanza ndo inainuka, na Triumph Spitfire pua nzima ya gari inalala mbele na loki zake ziko nje ubavuni. Volkswagen Beetle ndo kabisa, injini iko nyuma, kwa hiyo boneti ya mbele ni buti, lakini usidhani ndo nafuu, Beetle za miaka ya 1950 mdomo wa tanki la mafuta uko humo humo chini ya boneti, ikigoma hujazi mafuta.

Kabla hujagusa spana, sikiliza mkono wako unapovuta. Kishikio kikiwa kizito halafu kinagota, hakiendi mbele tena, waya bado mzima, tatizo liko kwenye loki au boneti yenyewe inaulalia ulimi kwa nguvu. Kikija chote kilaini bila uzito wowote, waya umekatika au umechomoka kwenye kikaza chake. Kikivutika ila hakirudi chenyewe, ukikisukuma ndo kinarudi, hapo waya una kutu au uchafu ndani ya kava yake. Kuna na ile inayochanganya watu, unavuta unasikia waya unatembea kabisa ila loki haifanyi kitu. Mara nyingi hapo kibano kinachoshika kava kimelegea, kwa hiyo ukivuta inasogea kava badala ya waya, na ulimi unabaki palepale. Tukisema kwenye simu tuelezee mkono unahisi nini siyo kwamba tunapoteza muda, nusu ya kazi inajulikana hapo.

Kama ni kizito, jaribu hivi kwanza: mtu mmoja aweke viganja viwili bapa juu ya boneti, usawa wa loki kabisa, akandamize chini taratibu na ashikilie hapo, mwingine avute kishikio na asikiachie. Halafu wa mbele ainue mikono. Kukandamiza kunaondoa mzigo kwenye ulimi, ndo maana inasaidia, siyo uchawi. Kama kishikio kimevunjika ila ncha ya waya inaonekana, ibane na plaizi ya kukaza uvute ikiwa imenyooka, usiivute kwa kuikunja pembeni. Tafadhali usilete bisibisi kubwa au mtaimbo ukachokonoa ukingo wa boneti. Bati la ukingoni linakunjika haraka sana, rangi inapasuka, na kupata boneti nyingine ya gari yenye miaka 50 siyo jambo la kwenda dukani tu.

Waya ukiwa umekatika kabisa tunaingilia kwa chini au kupitia upenyo wa shoo ya mbele, ule wavu ulio mbele ya rejeta, tochi na chuma chembamba kirefu chenye ndoano nchani, tunautafuta mkono wa ulimi tunausukuma. Inabidi ujue kwa hiyo gari mkono unaelekea kushoto au kulia, kuchokonoa gizani bila kujua unaweza kuvunja rejeta ukamaliza mchezo. Kingine watu wanakisahau, betri iko humo humo na huwezi kuichomoa kwa sababu boneti imefungwa, kwa hiyo chuma chako kikigusa nguzo ya betri na bodi kwa pamoja ni cheche. Sisi huwa tunakivisha mpira chuma kizima tunaacha ncha tu. Injini iwe imepoa, na kama gari imefungwa feni ya umeme switchi izimwe kabisa, feni hizo nyingine zinawaka zenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Ikishafunguka, usifurahi ukaifunga tena. Hapa ndo kazi yenyewe sasa. Chora mstari na peni ya rangi kuzunguka kibati cha loki na bolti zake kabla hujafungua, ili kirudi palepale. Ukikitoa utaona mwenyewe, grisi ya zamani imeshikana na vumbi imekuwa ngumu kama gundi kavu, na kama gari ilipakwa rangi upya bila kuziba, kuna rangi imeingia mpaka kwenye mhimili wa ulimi. Hiyo ya rangi tunaikuta sana kwenye gari zilizotoka kupendezeshwa, nje inang'aa, loki haitembei. Loweka na mafuta ya taa au dawa ya kusafishia breki, sugua na brashi, chezesha ulimi mpaka uwe unarudi wenyewe ukiuachia, tena kwa kishindo. Ukirudi kivivu, bado. Ikikauka paka grisi nyeupe ya lithiamu kidogo kwenye mhimili na pale pini inapopita, siyo kuibandika bonge, grisi nyingi ni kukusanya vumbi upya. WD-40 ni nzuri kwa kulegeza na kufukuza maji, ila ukiishia hapo baada ya muda utakuwa umerudi kulekule, haikai kama grisi.

Waya wenyewe ukiwa na nyuzi zilizoanza kukatika karibu na loki, usiuhurumie, weka mpya. Na upitishe kwa mizunguko mipana, kona kali ndo zinakula waya. Kama ni mzima, chomoa upande mmoja, dondosha oili nyepesi kwenye kava ukiwa umeiinua, iache ishuke yenyewe.

Bado kuna kurekebisha pini. Ina nati ya kuikaza, unailegeza unazungusha pini kwa bisibisi. Pini ikiwa fupi mno boneti inavutwa chini kwa nguvu, inabana raba za pembeni, na kila ukivuta kishikio unapigana na huo mgandamizo wote. Ikiwa ndefu mno boneti inacheza na kupiga kelele barabarani. Raba zenyewe pia ziangalie, mtu akiweka mpya ngumu bila kurekebisha pini, tatizo linaanza siku hiyo hiyo, halafu anasema loki mbovu.

Halafu jaribio ambalo hatulirukagi hata siku moja: boneti ikiwa bado wazi, chukua bisibisi nene, isukume kwenye tundu la loki kama vile ndo pini, ulimi uikamate. Nenda ndani vuta kishikio. Iachie? Rudia, rudia tena. Ikigoma hata mara moja hufungi boneti, unarudi kutafuta sababu.

Ndoano ya usalama nayo isafishwe na ipakwe grisi, na usikubali fundi yeyote akuambie aitoe kwa sababu inasumbua au aifunge kwa waya wa bati. Kiwango cha usalama cha Marekani namba 113 kinataka boneti inayofunguka kwa mbele iwe na hatua ya pili ya kuikamata, na sababu ukiifikiria ukiwa kwenye mwendo unaipata, boneti ikiinuka inakuja kwenye kioo na huoni mbele.

Mteja akitaka tunamwekea na waya wa dharura, mwembamba, unafungwa moja kwa moja kwenye mkono wa ulimi unashushwa mahali pa chini ambapo mwenye gari anapajua na mpita njia hapaoni. Kwa Beetle tunaushauri sana. Usiwe mrefu wa kuning'inia, usipite karibu na feni wala mkanda.

Bei kwenye simu huwa hatutaji mpaka tujue kama inafunguka au haifunguki, manake ni kazi mbili tofauti kabisa. Ukitupigia tuambie aina ya gari na mwaka, kishikio kizito au kilaini, na kama boneti iliwahi kugongwa au kupakwa rangi. Na kama leo imefunguka kwa bahati, iache wazi hapo hapo ulipopaki mpaka tufike.