YAH: MALALAMIKO KUHUSU PROGRAMU YENU YA TAKWIMU ZA UBORA NA KUDHALILISHWA KWANGU MBELE YA MNUNUZI

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi sikuipata kwenu. Mkataba mnao, kifungu cha huduma kwa wateja mmekiandika wenyewe, na malipo ya leseni yetu yameshaingia kwenye akaunti yenu. Sitapoteza muda kuwaeleza yale mnayoyajua. Naingia kwenye jambo lenyewe.

Programu yenu inaandika kwamba unga wetu una sumukuvu chini ya sifuri.

Ripoti ninayo hapa mezani. Wastani wa vipimo vya aflatoksini, ambayo ndiyo sumukuvu ninayoisema, ni mikrogramu 3.1 kwa kilo, na mkengeuko sanifu, yaani kadiri vipimo vinavyotawanyika kuuzunguka wastani, ni 2.4. Programu ikavipa vipimo hivyo mtawanyo wa kawaida, ule wa umbo la kengele, ikaweka alama ya kijani kwamba unafaa, kisha ikaandika mpaka wa chini wa mchakato, yaani kipimo cha chini kinachotarajiwa (wastani ukitoa mikengeuko mitatu), kuwa hasi 4.1. Kwa mkunjo huo, karibu asilimia 10 ya unga wetu ina sumu pungufu ya sifuri. Unga ama una sumu ama hauna, hakuna hali ya tatu. Mtu yeyote aliyewahi kushika matokeo ya maabara ya nafaka anajua vipimo vya sumukuvu havikai kama kengele: vingi hujazana karibu na sifuri, vichache huvutika mbali sana kulia. Mkia huo wa kulia ndio unaoua watu.

Chanzo nimekitafuta mwenyewe, kwa kuwa kwenu hakuna aliyetaka kukitafuta. Maabara haiandiki sifuri. Kipimo kikiwa kidogo kuliko uwezo wa kifaa, huandika "chini ya 1". Toleo lenu la zamani liliyapokea majibu hayo yalivyo. Toleo jipya linayageuza kuwa 0 bila kumwambia mtumiaji. Logarithimu ya sifuri haipo, kwa hiyo mtawanyo wa lognomali, ule wenye mkia mrefu wa kulia, unashindwa kukokotolewa. Weibull na gamma, mitawanyo mingine ya aina hiyo, nazo zinakwama kwenye sifuri hizohizo. Programu inazitupa zote tatu kimyakimya, inabaki na ule wa kawaida peke yake, halafu inautangaza kuwa ndio unaofaa kuliko yote. Jaribio la Anderson-Darling, linalopima kama vipimo vinaufuata mtawanyo uliochaguliwa, na ambalo programu yenu yenyewe imelifanya, limetoa thamani ya p chini ya 0.005, maana yake mtawanyo huo umekataliwa. Jibu hilo mmelificha chini ya ukurasa kwa herufi ndogo za kijivu. Alama ya kijani mmeiweka juu.

Madhara yake ni haya. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya aflatoksini. Kwa mkunjo wenu, sampuli zinazovuka 10 ni kama 2 kati ya 1,000. Nikachukua wastani uleule na mkengeuko uleule, nikakokotoa kwa lognomali: ni kama 20 kati ya 1,000. Mara kumi! Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hii nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 walikufa watu hapa Dodoma na kule Manyara. Mimi nafanya kazi Dodoma. Nikiweka saini kwenye ripoti, naiweka kwa niaba ya mama atakayemkorogea mtoto uji asubuhi, na programu yenu ilitaka nisaini uongo.

Sasa kuhusu kikao cha mtandaoni. Mnunuzi wetu wa Nairobi alikuwepo, na mkurugenzi wetu pia. Tangu Kenya ilipozuia mahindi yetu Machi 2021, kisha ikayaruhusu kwa masharti ya cheti cha sumukuvu, wanunuzi wa huko wanataka kuona hesabu zenyewe, na wana haki. Nilipoonyesha ile hasi 4.1, kijana wenu wa huduma alinikata kauli, akasema programu haikosei, anayekosea ni mtumiaji. Nikaanza kumjibu, akanizima maikrofoni. Mnunuzi akaahirisha mzigo.

Na haikuwa mara ya kwanza kwenu kulisikia suala hili. Nilishawaandikia barua pepe kabla ya kikao, nikaambatisha vipimo na ripoti za matoleo yote mawili, la zamani na jipya, ili mtu alinganishe mwenyewe. Nilichojibiwa ni ujumbe wa mashine kwamba tatizo langu "limetatuliwa". Nani alilitatua? Lini? Baada ya ujumbe huo, kitu kingine kilichotoka kwenu ni ankara ya leseni ya mwaka ujao.

Kwa hiyo nilikusudia kuomba mambo mawili tu: mrekebishe namna programu inavyopokea majibu ya "chini ya 1", na mturudishie ada ya mwaka huu. Lakini kila nikikikumbuka kikao kile naona mambo mawili hayatoshi, na ni lazima mkijue kama kilivyokuwa.

Nilikuwa maabara, karatasi za majibu zimetandazwa mezani. Kijana wenu ndiye aliyekuwa akionyesha skrini yake. Nikamwomba kwa adabu, "Kaka, naomba uteremshe ukurasa hadi kwenye thamani ya p, mnunuzi aione." Hakuteremsha. Mshale wake ulibaki umetulia juu ya ile alama ya kijani. Akasema, "Mama, hii ni takwimu, siyo mapishi. Programu haikosei, anayekosea ni mtumiaji." Nikafungua mdomo kumjibu, nikaona alama ya maikrofoni yangu imepigwa mstari mwekundu. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji wa kikao, ni yeye aliyenizima. Kisha, huku nikisikia kila neno na sina sauti ya kujibu, akamuuliza mkurugenzi wangu, "Hapo kiwandani hakuna kijana wa kompyuta ninayeweza kuongea naye?" Mimi ndiye Meneja wa Udhibiti Ubora. Kazi hiyo nimeisomea, na mitawanyo hiyo nilikuwa naikokotoa kwa kalamu na kikokotoo kabla sijaijua programu yenu. Vijana wangu wawili wa maabara walikuwa wamesimama nyuma yangu wakisikiliza. Wakainamisha macho.

Basi madai yangu ni haya, na yasomwe kwa makini. Ada yote ya mwaka huu irudishwe. Gharama za kupima upya sampuli katika maabara nyingine, ambazo mnunuzi alizidai baada ya kikao, mzilipe ninyi. Mniandikie barua ya kuniomba radhi, isainiwe na wewe Mkurugenzi mwenyewe, nakala yake iende kwa mnunuzi wetu, kwa sababu nilivunjiwa heshima mbele yake. Na muwatangazie wateja wenu wote wanaotumia toleo jipya kwamba ripoti zao zenye vipimo vya "chini ya" haziaminiki hadi zikokotolewe upya. Hili la mwisho halina mjadala. Kuna wasagaji wengine wanaoitazama alama hiyo ya kijani leo hii na kuachia unga uende sokoni.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita bila jibu, mwanasheria wetu atapeleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na ripoti zote mbili na kumbukumbu ya kikao, ambayo mkurugenzi wetu aliirekodi. Nitawaandikia pia wasagaji wenzangu wa kanda hii, mmoja mmoja, nikiwaambatishia ukurasa ule wenye hasi 4.1. Leseni hatutaihuisha kwa hali yoyote, hata mkitimiza yote niliyoyataja.

Jibu nalitaka kwa maandishi. Msinipigie simu, na asinijibu yule kijana.

Meneja wa Udhibiti Ubora
Kiwanda cha Unga, Dodoma

Nakala: Mkurugenzi wa Kiwanda
Mwanasheria wa Kiwanda