Kufika Barabara ya Dodoma kwa kupitia Banjul

Ndugu Mhariri,

Kwenye kijiwe chetu cha kahawa karibu na soko la Kilombero, hapa Arusha, kuna mzee tunamwita Mangi. Redio ikitangaza kwamba mwandishi kakamatwa mahali, yeye ana neno moja tu: "Wamarekani wataandika." Analisema kwa utulivu, kama mtu aliyeona msaada unakuja. Naomba nafasi kwenye safu yako nimjibu, maana kijiweni hanipi zamu.

Ni kweli wanaandika, tena kwa sheria. Daniel Pearl, mwandishi wa Wall Street Journal, alitekwa Karachi Januari 2002 na kuuawa. Mei 2010 Rais Obama alisaini sheria yenye jina la Pearl. Inaitaka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, katika taarifa yake ya kila mwaka ya haki za binadamu, ieleze waandishi wanavyotendewa katika nchi nyingine: kama wanapigwa, kama wanafungwa, na kama serikali inawafikisha mahakamani wanaowadhuru. Sina ugomvi nayo. Jina likishaandikwa, kulifuta ni kazi. Ila inaishia kwenye karatasi, haimwiti mtu kizimbani, na karatasi yenyewe inategemea aliyeko madarakani Washington.

Mimi nimeandika habari kwa kujitegemea miaka kumi na minane, nikilipwa kwa stori. Siku moja, kwenye mgogoro wa ardhi kijijini, mtu aliyevaa kiraia alinichukulia kamera, akafungua kile kimlango cha chini kwa ukucha, akachomoa memori kadi na kuitia mfuko wa shati. Kamera akanirudishia kwa mikono miwili. "Kazi njema, kaka." Kitambulisho changu cha uandishi kilikuwa kinaning'inia shingoni. Nilikwenda kuiulizia mara nne. Mara ya nne nikaambiwa nilete risiti ya dukani.

Kadi ni kitu kidogo, najua. Mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini kijijini Nyololo, Septemba 2012. Mwandishi mwingine, Azory Gwanda, alitoweka Kibiti Novemba 2017, na mke wake hajapata jibu.

Sasa, sisi wa Arusha tuna kitu ambacho Marekani haiwezi kutupa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa hapa, na kwa miaka mingi imekaa kwenye majengo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, barabara ya Dodoma. Abiria wa daladala wanaipita bila kugeuza shingo. Mwaka 2014 familia ya Norbert Zongo, mwandishi wa Burkina Faso aliyeuawa 1998 pamoja na wenzake watatu ndani ya gari, ilishinda hapo: majaji walisema serikali yao haikuwatafuta wauaji kwa bidii inayotakiwa, na mwaka uliofuata wakaamuru familia zilipwe fidia. Desemba ya 2014 hiyo hiyo mhariri Lohé Issa Konaté, naye wa Burkina Faso, aliyefungwa miezi kumi na miwili kwa kumwandika mwendesha mashtaka, alishinda pia. Majaji walisema kosa la kukashifu si la kumpeleka mtu jela namna ile. Hukumu hizo ni za mahakama yenye makao katika mji huu tunaouza ndizi na tanzanite.

Watu hao walifika kwa sababu nchi yao ilitoa tamko la kuruhusu raia na asasi kwenda mahakamani hapo moja kwa moja. Tanzania nayo ilitoa tamko lake Machi 2010, miezi miwili kabla Obama hajashika kalamu. Novemba 2019 tukaliondoa. Serikali ilisema tamko linatumika kinyume na masharti tuliyoweka. Basi yajadiliwe masharti. Mwenye nyumba hafungi mlango kwa sababu wageni wamezidi kubisha, hasa wageni wenyewe wakiwa watoto wake.

Kwa hiyo leo mwandishi wa Sakina mwenye shauri la namna hiyo analipeleka kwanza kwenye Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, upande wa pili wa bara, akiomba wao ndio walilete mahakama iliyo mwendo wa boda kutoka kwake. Wapo watakaoniambia kuna Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko hapa. Ipo, na Machi 2019 ilisema vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016 vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Ni kazi nzuri. Lakini pale unapewa miezi miwili tu tangu tukio kufungua shauri, na mimi miezi miwili iliishia kwenye kutafuta risiti.

Wabunge wa mkoa huu ndio wanaoishi na mahakama hii. Naomba mmoja wao asimame Dodoma aulize tamko linarudishwa lini, na jibu liwe na tarehe.

Barua hii nimemsomea Mangi kabla ya kuituma. Safari hii alinyamaza mpaka mwisho, akamimina kahawa nyingine, kisha akauliza nauli ya Banjul ni shilingi ngapi.

Mwandishi wa kujitegemea,
Sakina, Arusha