Kadi mbili pochini, kopo chini ya kitanda

Shikamoo Anti.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma mjini, nina miaka 41, mume mmoja na watoto watatu. Nakuandikia wewe kwa sababu jambo hili siwezi kulipeleka ofisi ya walimu. Pale ukipiga chafya darasa la kwanza, mwalimu mkuu anakupa pole kabla hujafika mlangoni kwake.

Mshahara wangu unapitia benki. Miaka yote nilikuwa na kadi moja tu, ya ATM, na mtindo wangu ulikuwa huu: mshahara ukiingia napanga foleni na wenzangu, natoa karibu wote kwa mkupuo. Kila ukitoa unakatwa, na ukienda kwenye mashine ya benki nyingine unakatwa zaidi, kwa hiyo bora ukatwe mara moja. Tatizo, hela ikishakaa pochini sijui huwa inatokea wapi. Sukari, nauli ya bodaboda, mchango wa msiba, mtoto kapoteza daftari. Tarehe 10 nahesabu, nabaki nashangaa. Daftari la matumizi nalianza kila Januari na kila Februari halipo.

Baba watoto ni mtu wa dagaa. Saa kumi na moja alfajiri yuko Kibirizi mitumbwi ikiingia, na pale hakuna cha kadi wala lipa namba. Ukisema "subiri nitume", ujumbe ukichelewa kidogo tu, mwenye noti mkononi keshaondoka na mzigo. Hela yake inakaa kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, imefungwa kwa mpira, elfu kumi peke yake, elfu tano peke yake. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, hakuwa na hata kilo moja ya kuuza. Kopo lile ndilo lililotulipia kodi ya nyumba miezi mitatu. Tangu hapo kopo ni kama mzee wa ukoo, likitajwa tunanyamaza.

Nami ningelinyamazia kabisa kama si yaliyompata mama mkwe kule Ujiji. Benki Kuu ilitangaza kuondoa noti za zamani, zile zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, ikaweka muda wa kuzibadilisha: Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Sijui hakusikia au alisikia akaona hayamhusu. Mwezi Juni tunasogeza kabati lake, tukakuta bahasha imeviringishwa kwenye kanga. Shilingi 340,000, masalio ya shamba aliloliuza zamani. Noti nzuri, zimekunjwa mara moja tu. Alizishika, akaniuliza, "Mwalimu, yaani hizi sasa ni karatasi?" Mume wangu alitoka nje. Nikadhani somo limeingia. Jioni akasema mama alikosea kutozizungusha, akarudi kwenye kopo lake.

Basi mimi nikaamua kwenda upande wa pili. Nikaanza kuchanja kadi ya ATM mahali panapokubali: sheli nikijaza mafuta ya pikipiki, duka moja kubwa la mjini, na famasi. Niliipenda. Hela inatoka kwangu moja kwa moja, ujumbe unakuja, na mwisho wa mwezi naona kila kitu kwenye taarifa ya akaunti bila kuandika daftari. Ila yapo ya kero. Siku moja nilichanja kulipia mchele kilo 25 na mafuta ya kula, mashine ikaguna, ikatoa kikaratasi kwamba malipo yamekataliwa. Simu yangu nayo ikalia: nimekatwa. Mwenye duka kaweka mkono juu ya mfuko wa mchele kama vile mimi ni mwizi, nyuma yangu watu sita, mmoja kabeba mtoto analia. Nilimwonyesha ujumbe, akasema, "Mama, kwangu haijaingia." Na kweli haikuwa imeingia. Nikaacha mchele. Benki ilinirudishia siku ya tisa, baada ya kwenda kaunta mara mbili. Tangu siku hiyo sitoki nyumbani bila elfu ishirini taslimu, hata kama kwenye akaunti nina laki.

Sokoni Mwanga kadi usiitaje. Pale ni noti au simu, na simu yenyewe muuzaji wa nyanya hataki lipa namba, anakupa namba yake ya kawaida na kukwambia, "Weka na ya kutolea." Fungu la nyanya la elfu moja linakuwa na nauli yake.

Sasa nafika kwenye kilichonifanya nikuandikie. Mwaka huu afisa wa benki alikuja shuleni, akatuambia walimu wenye mshahara wa uhakika tunaweza kupewa kadi ya mkopo. Akaeleza vizuri: ya ATM unatumia hela yako, hii unatumia hela ya benki, ukinunua leo unalipa tarehe waliyokupangia, na ukimaliza deni lote kufikia tarehe hiyo hakuna riba. Nikapewa ya kikomo cha 1,000,000. Kadi yenyewe ni nzuri, nyeusi, inang'aa. Nilikaa nayo miezi miwili bila kuigusa, najisifu.

Julai binti yetu wa kwanza akapangiwa kidato cha tano Tabora. Ile karatasi ya maelekezo ya kujiunga unaijua: godoro, tranka, ndoo, jembe, sare, michango, na nauli ya treni juu. Baba yake alikuwa kamwaga hela yote kwenye mzigo wa dagaa. Nikasema, hii ndiyo siku ya kadi nyeusi. Nikaenda kwa muuza magodoro. Hana mashine. Wa tranka hana. Fundi wa sare ndiyo kabisa. Nikaenda ATM, nikatoa 400,000 kwa kadi ya mkopo.

Anti, afisa yule alieleza habari ya kununua, ya kutoa hela taslimu hakuigusa, nami sikuuliza. Kumbe ukitoa hela kwa kadi ile unakatwa ada palepale, yangu ilikuwa 16,000, na riba inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, hakuna kungojea tarehe. Yangu ni asilimia 3 kwa mwezi. Ilipokuja taarifa ikaniambia kiwango cha chini cha kulipa ni asilimia 10 ya deni, nikafurahi, nikalipa hicho. Mwezi wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Juzi nikakaa na kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari. Nimeshalipa karibu 120,000. Deni limebaki 331,000 na kitu. Yaani kati ya ile laki nne niliyobeba mkononi, nimepunguza chini ya 70,000. Mwalimu wa hisabati darasa la sita ndiyo mimi huyu.

Mume wangu hajui. Anaiona kadi, anadhani benki imenibadilishia ya zamani. Siku ya godoro nilimwambia nimeazima kwa mwenzangu.

Mwezi huu tarehe 20 zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana hela inafika, 500,000. Hela hiyo yeye keshaipangia: bati za kiwanja chetu cha Mwandiga. Tuna mbao tayari, na mvua hizi hapa. Mimi nikizichukua 331,000 nikazika deni, inabaki 169,000, na hiyo haiezeki hata upande mmoja. Nikinunua bati, deni linaendelea kunitafuna kidogo kidogo, na kila tarehe 25 nakimbilia simu kabla hajausoma ujumbe yeye.

Nimewaza pia nikope SACCOS ya walimu nilipie kadi, riba yake ni ndogo kuliko hii. Lakini fomu inataka mdhamini, na mdhamini ni mwalimu, na walimu nimeshakwambia walivyo.

Nisaidie, Anti. Nimalize deni kwanza au nianze na bati? Na kadi yenyewe niirudishe, au niifungie kabatini kwa siku ya kulazwa hospitali? Hapa mjini kwetu inanifaa sehemu tatu nne tu, na zote kadi ya ATM inatosha. Kubwa kuliko yote, nimwambieje mtu ambaye alikwishanionya kwamba hela usiyoishika haina uchungu? Najua atalisogeza lile kopo mbele yangu na kunitazama tu.

Nijibu kabla ya tarehe 20 tafadhali. Jana kapita dukani kuulizia bei ya bati za geji 30, na fundi wameshapeana mkono.

Mama wa watatu,
Mwanga, Kigoma